Flati Sita, Ukuta Mmoja: Hotuba kwa Wapangaji wa Nyumba za Kaunsili

Shikamooni wazee wetu. Akina mama, akina baba, vijana, hamjambo. Najua wengine mna zamu ya usiku na wengine mna watoto wa kulaza, kwa hiyo salamu ziishie hapo tuingie kwenye shughuli.

Ninayosema ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo mwenye ndugu Glasgow asimrushie haya kwenye WhatsApp akadhani amemsaidia. Nawalenga wapangaji wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ingawa mengi yanawahusu pia walio kwenye nyumba za housing association, yale mashirika yanayopangisha nyumba za jamii.

Mpangaji wa kaunsili aliye peke yake ana haki nyingi na nguvu kidogo. Haki zimo kwenye sheria. Nguvu anazipata kwa maandishi yake mwenyewe na kwa majirani zake. Ukungu ukitoka kwenye flati moja, mtaambiwa mnapika sana, hamfungui madirisha, mnaanika nguo ndani. Ukungu huohuo ukitoka kwenye flati sita zilizobebana kutoka chini hadi juu, pembe ileile ya ukuta uleule, habari ya mapishi inakwisha. Hilo sasa ni tatizo la jengo. Lakini nani atagundua kwamba ni flati sita, ikiwa mnapishana kwenye lifti kila siku na hakuna anayejua mwenzake ana shida gani?

Tuanze na huo ukungu, maana ndio unaotuleta wengi ofisini msimu wa baridi. Unyevu wa nyumbani una asili nne, na ni vizuri fundi akija uwe umeshajua unashuku ipi. Wa kwanza ni mvuke wetu wenyewe. Tunapumua, tunapika, tunaoga, na mzigo mmoja tu wa nguo zinazoanikwa ndani hutoa karibu lita mbili za maji. Mvuke huo hutafuta mahali penye baridi kuliko pote na hapo ndipo hugeuka matone. Alama yake ni vidoa vyeusi kwenye pembe za kuta za nje, nyuma ya kabati na kuzunguka dirisha. Wa pili ni mvua inayopenya: doa la rangi ya chai linalotanuka kila ikinyesha, kwa sababu ya gata iliyoziba, paa, au silikoni ya dirisha iliyopasuka. Wa tatu ni bomba linalovuja. Doa lake halijali mvua wala msimu, na mara nyingi liko chini ya bafu la jirani wa juu. Wa nne ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Haya huwapata wa ghorofa ya chini, kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi ukutani. Aliye ghorofa ya nne akiambiwa tatizo lake ni maji ya ardhini, ajue aliyekuja hakuangalia.

Ubishi mkubwa uko kwenye mvuke, kwa sababu hapo ndipo lawama inapogeuzwa kuwa yako. Nunueni kipima unyevu, kile kidogo cha kuweka mezani kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu. Bei yake si ya kutisha, na flati tatu nne zinaweza kupokezana kimoja. Andika namba asubuhi na usiku kwa wiki mbili, chumba kilekile, mahali palepale. Kati ya asilimia 40 na 60 uko salama. Ukikaa juu ya 70 kwa muda mrefu, ukungu umepata makao.

Sasa angalieni namba hizo zinavyosema. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 20 na unyevu asilimia 55, yaani hali ya kawaida kabisa ya nyumba inayokaliwa vizuri, matone hutokea ukutani iwapo uso wa ukuta umeshuka hadi nyuzi 11 hivi. Na ukungu hausubiri matone. Ukuta ukiwa nyuzi 14 hewa inayougusa tayari ina unyevu wa asilimia 80, na hiyo inautosha. Kwa hiyo daftari lako likionyesha nyuzi 20 na asilimia 55 wiki nzima na ukuta bado unaota vidoa, tatizo ni ukuta. Ni baridi, hauna kihami joto au kilichopo kimeharibika. Daftari likionyesha asilimia 80 na feni ya bafuni inanguruma, basi feni inapiga kelele bure. Na likionyesha nyuzi 13, kuna suala la boila, rediata au bili, na hilo nalo lina njia yake.

Feni mnaweza kuipima wenyewe. Iwashe, chukua karatasi moja ya tishu, iweke kwenye wavu wake, achia. Ikishikilia, inavuta kiasi. Ikianguka, haivuti. Kanuni za ujenzi zinataka feni mpya ya bafuni itoe lita 15 za hewa kwa sekunde, na ya jikoni 60, au 30 ikiwa juu ya jiko lenyewe. Zinazoharibika mara nyingi huwa zimejaa vumbi kwenye wavu, au lile bomba la kupeleka hewa nje limekatika juu ya dari, kwa hiyo feni inatoa mvuke bafuni na kuumwaga darini. Hilo la pili halionekani bila kufungua, kwa hiyo liandike kwenye ripoti: "Naomba bomba la feni likaguliwe hadi nje." Mwangalie pia kama madirisha mapya yaliwekwa bila vile vitundu vya hewa vya juu. Nyumba nyingi zilizibwa vizuri baridi isiingie na hakuna aliyefikiria hewa itatokea wapi.

Yaliyo upande wetu tuyafanye, tusitoe mwanya. Funika sufuria, funga mlango wa jikoni ukipika, sogeza kabati sentimita tano kutoka ukuta wa nje, anika nguo bafuni na mlango umefungwa na feni inafanya kazi. Ukungu usiukwangue mkavu, maana chembe zake zitaruka. Futa kwa dawa yake na kitambaa chenye maji, vaa glavu na barakoa. Lakini kabla hujagusa kitu, piga picha. Weka rula au chupa pembeni ili ukubwa uonekane, na piga moja ya mbali inayoonyesha ni ukuta gani. Wengi husafisha kwanza, halafu wanalalamikia ukuta msafi. Na msipake rangi juu yake, rudio lake ni baya zaidi.

Sheria sasa. Mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alifariki Rochdale mnamo Desemba 2020. Wazazi wake walikuwa wameripoti ukungu kwa mwenye nyumba. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alisema wazi kwamba kilichomuua ni maradhi ya kifua kutokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu, na mwenye nyumba akakiri kwamba alikuwa amekisia mambo kuhusu mtindo wa maisha wa familia ile. Familia ya wahamiaji, naomba mliweke hilo akilini. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria, na kipengele tunachokiita Sheria ya Awaab kilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025 kwa kaunsili na housing association zote za England.

Inavyofanya kazi ni hivi. Hatari ya dharura lazima ichunguzwe na kufanywa salama ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye madhara makubwa kwa afya lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu mwenye nyumba alipojua. Uchunguzi ukiisha, upewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Ikiwa kuna kazi kubwa zaidi ya kuzuia tatizo lisirudi, ianze ndani ya hizo siku 5, na kama haiwezekani kabisa, isivuke wiki 12. Nyumba isipoweza kuwa salama kwa muda huo, mwenye nyumba atafute mahali pengine pa kuwaweka kwa gharama yake. Wengi hawauombi ule muhtasari wa maandishi, na mimi nauona ndio wenye thamani kuliko vyote, kwa sababu humo mwenye nyumba anaandika amekuta hatari gani, atafanya nini na lini.

Na saa ya uchunguzi inaanza kuhesabiwa pale mwenye nyumba anapojua, na nyingine huifuata hiyo. Kwa hiyo ukipiga simu, dai namba ya ripoti kabla hujakata, kisha siku hiyohiyo andika barua pepe. Haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Inahitaji mambo haya: "Naishi flati namba fulani. Ukungu mweusi uko chumba cha watoto, ukuta wa nje, kama mita moja kwa mita moja na nusu. Ulianza Oktoba. Nimeripoti kwa simu leo, namba ya ripoti ni hii. Mwanangu ana miaka mitatu na ana pumu. Naomba ukaguzi chini ya Sheria ya Awaab na muhtasari wa maandishi. Picha nimeambatanisha." Basi. Habari ya pumu, ya mjamzito, ya bibi mwenye moyo, isemeni. Uzito wa hatari hupimwa kwa kumwangalia anayeishi humo. Wapo wanaoona haya kutaja maradhi ya nyumbani kwa mtu wa ofisi. Haya hiyo inawagharimu.

Lugha ikikusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili. Kaunsili nyingi wanaye kwa njia ya simu na hulipi. Usimtumie mtoto. Mtoto wa miaka kumi hajui neno la "boila inavuja gesi" kwa lugha yoyote, na hapaswi kulibeba.

Zaidi ya ukungu, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtwika mwenye nyumba kuta, paa, madirisha, gata, mabomba, umeme, gesi, sinki, bafu, choo, rediata na maji ya moto. Halipo shauri la "hiyo ni ya kwako" kwa vitu hivyo, isipokuwa uliviharibu. Kwa wapangaji wa kaunsili kuna pia kanuni za mwaka 1994 za matengenezo madogo yasiyozidi paundi 250, zenye siku zake. Choo kisichoflashi kikiwa ndicho pekee, siku 1 ya kazi. Kukosa joto kabisa wakati wa baridi, siku 1. Bomba lisilofunguka au sinki lililoziba, siku 3. Paa linalovuja, au feni ya bafu lisilo na dirisha, siku 7. Ukiripoti, wakashindwa, ukadai wamlete fundi wa pili na huyo naye asifike kwa wakati, unastahili fidia ya paundi 10 na 2 kwa kila siku, mwisho 50. Fedha ndogo, lakini kuitaja tu hubadilisha sauti ya mtu wa upande wa pili.

Harufu ya gesi haingoji ofisi ifunguliwe: zima gesi, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999. Ukaguzi wa gesi ni kila mwaka kwa sheria. Yule fundi wa gesi mfungulie, hata kama una ugomvi na kaunsili kuhusu mambo mengine kumi. Tena kuna neno "hakufungua mlango". Fundi akisema hakukuta mtu na wewe ulikuwepo, piga simu saa ileile, usingoje kesho, na uombe kumbukumbu irekebishwe. Maneno hayo mawili yakikaa kwenye faili mara mbili, ucheleweshaji wote unageuka kuwa wako.

Wasipotekeleza, hapo ndipo malalamiko rasmi. Kuripoti na kulalamika ni milango miwili tofauti, na wengi wetu tunagonga ule wa kwanza mara ishirini tukidhani tumelalamika. Andika: "Hili ni lalamiko rasmi, hatua ya kwanza." Wana siku 5 za kazi za kukiri kulipokea na siku 10 zaidi za kujibu. Usiporidhika, omba hatua ya pili: siku 5 za kukiri, siku 20 za kujibu. Hakuna hatua ya tatu. Ukipata jibu la pili, una miezi 12 kupeleka kwa Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nyumba. Ni bure, huhitaji wakili, na huyo huyo ndiye aliyewaambia wenye nyumba tangu 2021 waache kusingizia mtindo wa maisha kila wakiona ukungu. Anaweza kuamuru matengenezo na fidia.

Kuna vijana wanaogonga milango wakiwa na tableti, wanasema watakushtakia kaunsili na hulipi usiposhinda. Baadhi ni halali, baadhi wanauza majina yenu. Usisaini mlangoni. Ukishasaini nyumbani una siku 14 za kughairi; ukipita hapo wengine hudai gharama ukijitoa. Wala msizuie kodi kwa hasira ya matengenezo. Mnajipa deni la kodi, na kesi iliyokuwa ya ukungu inageuka kuwa kesi ya kufukuzwa.

Nirudi kwa majirani. Chukueni karatasi kubwa, chora jengo kama jedwali: mistari ya kulala ni ghorofa, ya kusimama ni flati zilizobebana. Pitieni milango wawili wawili, ikiwezekana mmoja awe anajua Kisomali au Kibengali au Kireno kulingana na jengo lenu, na jioni kabla ya saa mbili. Ulizeni maswali manne tu: ukungu, maji yanayovuja, feni, joto. Weka herufi kwenye kisanduku. Msiandike majina wala magonjwa ya watu kwenye karatasi inayozunguka. Namba ya flati yatosha, na kwa ruhusa ya mwenyewe. Mkimaliza, tazameni. Herufi zikisimama kwenye safu moja kuanzia juu hadi chini, mtuhumiwa ni bomba la wima au ukuta wa ncha ya jengo. Zikijipanga ghorofa ya mwisho peke yake, ni paa. Zikitawanyika hovyo, anzeni na feni. Karatasi hiyo, ikiwa na namba za ripoti za kila flati pembeni, ikifika kwa diwani wenu na kwa meneja wa majengo siku moja, haiwezi kujibiwa kwa kijitabu cha jinsi ya kufungua dirisha.

Kazi ya namna hiyo inahitaji chombo, na chombo chake ni chama cha wapangaji na wakazi. Kwanza ulizeni kama kipo. Mara nyingi kimelala tu, jina lipo na mwenyekiti alishahama. Kisha muombeni mtu wa kaunsili anayeshughulikia ushirikishwaji wa wapangaji awape masharti ya kutambuliwa na katiba ya mfano. Masharti yanatofautiana, ila kwa kawaida wanataka chama kiwe wazi kwa kila mkazi, kamati ichaguliwe, mkutano mkuu uwe kila mwaka, na hesabu zisomwe. Tangazo lifike kila mlango wiki mbili kabla. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, akaunti ya benki iwe na saini mbili za watu wasiokaa nyumba moja. Barua pepe iwe ya chama, neno la siri wawe nalo wawili. Vyama hufa katibu akihama na simu yake, hilo ndilo jambo la kijinga linaloua vingi kuliko fitina. Mkishatambuliwa, kaunsili nyingi hutoa ruzuku ndogo na nafuu ya ukumbi, na humo ndimo mtafanyia masomo ya watoto, chai ya wazee na huo usaidizi wa kujaza fomu.

Jambo moja nalisema kwa upole. Chama cha wapangaji si chama cha kufa na kuzikana. Kile chetu cha kuchangiana misiba na harusi ni chema na kiendelee, lakini humu jengoni wenye haki ya kuingia ni Mswahili, Mwingereza wa ghorofa ya pili, na yule mama wa Jamaika aliyekaa hapa kabla yetu sote. Mkutano ukiendeshwa kwa Kiswahili, kaunsili haitaitambua kamati, na itakuwa na haki. Wapeni nafasi pia walionunua flati zao kwa kaunsili chini ya Right to Buy, mpango ulioletwa na sheria ya 1980. Hao hulipia sehemu yao ya matengenezo makubwa, kwa hiyo wewe ukishangilia paa jipya, mwenzako anafikiria bili. Bora mzozo huo utokee ndani ya ukumbi wenu kuliko mbele ya ofisa.

Mkiwa chama, dai mbili zina msingi wa sheria. Kifungu cha 105 cha sheria ya nyumba ya 1985 kinailazimu kaunsili kuwashauri wapangaji kabla ya kubadilisha mambo makubwa ya usimamizi. Na kodi zenu huingia kwenye hesabu ya pekee ya nyumba, haziruhusiwi kuchotwa zikaenda kwenye barabara au taka. Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi: jengo letu limepangiwa mwaka gani kwa paa, madirisha, lifti na boila? Jibu hilo lipo kwenye kompyuta ya mtu.

Moto. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, magharibi ya London, liliungua na watu 72 wakafa. Wakazi walikuwa wameonya kuhusu usalama kwa maandishi miezi kadhaa kabla. Tangu hapo kaunsili zimekuwa kali kwenye korido, na hapa ndipo desturi zetu zinapogongana na jengo. Viatu tunavivua mlangoni. Ndani ya mlango, tafadhali, si nje. Viatu, mikeka, gari la mtoto na baiskeli kwenye korido ni vitu vya kuungua na vya kujikwaa gizani moshi ukijaa, na vitaondolewa. Mlango wa flati yako kwenye jengo refu ni wa kuzuia moto kwa nusu saa. Ile mashine ya juu inayoufunga wenyewe msiing'oe kwa sababu inasumbua, na msibadilishe mlango bila ruhusa. Kwenye majengo ya zaidi ya mita 11 ni lazima milango ya flati ikaguliwe kila mwaka, kwa hiyo mkaguzi akija si mpelelezi. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani wala barazani. Hewa yake ya sumu haina harufu na imeua watu wakiwa wamelala. Na king'ora kinacholia ukifukiza udi, kisogezwe na fundi, kisitolewe betri. Choma udi mbali nacho, dirisha wazi.

Kodi nitaipitia haraka. Malipo ya kwanza ya Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, huchukua kama wiki tano, na deni nyingi huzaliwa kwenye wiki hizo. Mwambie ofisa wa kodi siku ya kwanza. Ukiona fedha ya kodi inakuponyoka mkononi, omba ilipwe moja kwa moja kwa kaunsili. Chumba kimoja kisicho na mtu, kwa walio chini ya umri wa pensheni, hukata kwenye msaada wa kodi kiasi cha asilimia 14 ya kodi inayostahili kusaidiwa. Viwili au zaidi, asilimia 25. Bahasha ya ilani ya kufukuzwa ukiipata, kuna ushauri wa sheria wa bure kwa kila aliyepokea ilani, bila kuangalia kipato, na siku ya mahakama kuna wakili wa zamu. Nenda mahakamani. Asiyekwenda anahukumiwa kwa dakika chache.

Safari za nyumbani. Ukienda Tanga, Mombasa au Bujumbura, Universal Credit inaruhusu kuwa nje mwezi mmoja, ambao huweza kuongezwa ukifiwa na ndugu wa karibu na ikawa si rahisi kurudi. Flati yenyewe lazima ibaki makazi yako makuu. Ukikaa muda mrefu, iarifu kaunsili kwa maandishi, taja tarehe ya kurudi, acha vitu vyako, lipa kodi. Mpangaji wa kudumu anaweza kuwa na mtu wa kukaa naye kama mgeni anayelipa, ila kukodisha nyumba nzima wewe ukiwa hupo ni kosa la jinai tangu 2013. Utapoteza nyumba na huenda ukapata rekodi ya mahakama.

La mwisho ni la wazee, na watoto wao wasikilize. Mpangaji akifariki, nyumba hurithiwa mara moja tu. Mkataba ulioanza kabla ya tarehe 1 Aprili 2012 unaweza kwenda kwa mume au mke, na asipokuwepo, kwa mwanafamilia aliyeishi humo miezi 12 kabla ya kifo. Mkataba ulioanza siku hiyo au baadaye, kisheria ni mume, mke au mwenza peke yake, isipokuwa mkataba wenyewe useme zaidi. Na baba akifariki mama akachukua, hiyo mara moja imeshatumika. Mtoto aliyemlea mama yake miaka ishirini anaweza kuambiwa aondoke. Kwa hiyo tafuteni mkataba wiki hii, angalieni tarehe na jina lililoandikwa. Kijana anayeishi na mzazi ahakikishe jina lake lipo kwenye kaunsili taksi, kwa daktari na kwenye daftari la wapiga kura kwa anwani hiyo, maana miezi 12 huthibitishwa kwa karatasi. Na kama hana haki ya kurithi, ajiandikishe kwenye orodha ya nyumba sasa, mzazi akiwa bado hai, na aulize kaunsili ina sera gani ya hiari kwa aliyebaki nyuma.